Gobore la marehemu ni la nani?

Najua nimepotea, ni wiki tatu sijaweka kitu humu. Tesiti zilifuatana, boom likachelewa, na chumbani soketi ni moja, tunaigombania watu wanne. Leo nimeipata mimi, basi naandika haraka kabla hawajarudi.

Juzi usiku chumbani uliwaka mjadala. Mshikaji mmoja wa hapa alikuwa anaangalia video za Marekani, akatuambia kule mtu anamuuzia jirani yake bunduki kama sisi tunavyouziana simu Kariakoo: unatoa hela, unapewa mzigo, unaondoka. Wenzake wakashangilia. Kwa kweli alichosema ni nusu. Marekani ina sheria ya Brady ya mwaka 1993, na muuzaji mwenye leseni ya biashara lazima mnunuzi wake achunguzwe kwanza. Ila mtu binafsi akimuuzia mtu binafsi wa jimbo lake, sheria ya nchi nzima haimlazimishi kufanya hivyo. Yako majimbo yaliyoziba hilo tundu, California ni mojawapo, na yako ambayo hayajaziba.

Mimi nikawaambia hata kwetu Mbinga tunafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba hatuuziani. Tunarithishana. Wakacheka wakidhani natania.

Sitanii. Mwezi uliopita baba mkubwa alinitumia kwenye simu picha ya muhtasari wa kikao cha ukoo. Kuna mzee wetu alifariki, arobaini imepita, wakakaa wakagawana alivyoacha. Akaniomba niuchape vizuri kwa kompyuta, maana mimi ndiye "msomi" wa ukoo (msomi mwenyewe nasubiri sapu, ila hayo tuyaache). Muhtasari umeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Namba moja, shamba la kahawa la mlimani. Namba mbili, shamba la ngoro, libaki kwa mjane. Namba tatu, mbuzi. Namba nne, baiskeli. Namba tano, nanukuu, "bunduki apewe mtoto wa tatu kwa kuwa ndiye anayelinda mahindi". Chini sahihi za mwenyekiti, katibu na mashahidi wawili.

Nilichapa mpaka namba nne, nikapiga simu.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umemaliza?"

"Bado. Hii namba tano ina tatizo."

"Tatizo gani? Ndugu hawajagombana hata mmoja."

"Si ugomvi, baba mkubwa. Hiyo bunduki ina kitabu cha marehemu. Huyu kijana hana kitabu."

"Kitabu kipo! Nimekihifadhi mimi mwenyewe, hakina hata kunjo."

Hapo ndipo nilipoona tatizo liko wapi. Baba mkubwa si mhalifu. Ni mtu anayeamini kwamba kitabu ni cha bunduki, kwamba ukipewa bunduki na kitabu chake umepewa kila kitu, kama unavyopewa redio na waya wake. Na sidhani kama yuko peke yake. Ukipita vijiji vya huko juu na vya ufukweni ukauliza taratibu, bila kuonekana mpelelezi, utaambiwa hivyohivyo: hii ilikuwa ya babu, sasa ni ya baba, kitabu kile pale kwenye sanduku.

Kwa wasiopajua kwetu: Mbinga ni milimani, Umatengoni, kwenye kahawa na yale mashimo ya ngoro ambayo wazee wamelimia miteremko miaka na miaka bila udongo kukimbia. Ukishuka unakutana na Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli, mpaka Lituhi. Ilikuwa wilaya moja hadi 2012, ilipomegwa Wilaya ya Nyasa. Kusini yake ni Msumbiji, na Pori la Akiba la Liparamba liko hukohuko mpakani. Kwa hiyo ukilima mahindi au muhogo unajua kabisa kwamba unalima na nguruwe pori, na nyani, na ngedere. Mtu wa mjini anayesema "kwani mkulima bunduki ya nini" alale usiku mmoja tu kwenye dungu mwezi wa tatu mahindi yakiwa yamebeba. Asubuhi tuongee.

Kwa hiyo mimi si mmoja wa wale wanaotaka kila gobore likatupwe ziwani. Ninachosema ni kwamba kikao cha ukoo hakina uwezo wa kuhamisha bunduki, hata ndugu wakubaliane kiasi gani, hata padri awepo. Na ninachosema pia, nitafika huko, ni kwamba serikali imeifanya njia halali iwe ndefu kiasi kwamba inawasukuma watu wema kwenye kile kikao.

Tuanze na sheria. Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, namba 2 ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Leseni anapewa mtu, kwa silaha yenye namba fulani. Mtu akifa, kile kitabu hakimfanyi mwanawe kuwa mmiliki. Hata pikipiki, ambayo haijatengenezwa ili iue (ingawa bodaboda wa Mlimani City wanajitahidi), ukiinunua lazima jina kwenye kadi libadilishwe TRA. Sasa bunduki ndiyo ihame kwa sahihi ya katibu wa ukoo?

Njia yenyewe kwa walio hai ni hii kwa ufupi: anayeuza au kutoa awe ndiye mwenye leseni na silaha iwe imesajiliwa, na anayepokea aombe na akubaliwe KWANZA, kabla ya kuishika. Maombi yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapanda kwa OCD, yanapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, mpaka kwa msajili wa silaha makao makuu ya Polisi. Anaangaliwa umri, akili, rekodi ya makosa, sababu ya kuitaka na mahali atakapoiweka. Kwa marehemu ni vilevile, ila anayesimama upande wa kutoa ni msimamizi wa mirathi, na silaha inatakiwa ikae polisi wakati mrithi anaomba kwa jina lake mwenyewe. Akikataliwa, haipati. Urithi haumpi mtu sifa ya kumiliki.

Na kama lile gobore lilitengenezwa na fundi wa kijijini na halikusajiliwa hata siku moja, hakuna cha kuhamisha hapo. Ni la kusalimisha tu.

Mtu atasema, gobore nalo ni bunduki? Linapakiwa kwa mdomo, goroli na baruti, ukifyatua mara moja nguruwe wa pili ameshafika Msumbiji. Ndiyo jamani, ni bunduki. Nendeni kwenye tovuti ya TanzLII, zinakowekwa hukumu za mahakama zetu, mtafute hilo neno, "gobore". Mtakaa hapo mpaka usiku. Kumiliki silaha bila leseni kunashtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 adhabu ya uhujumu uchumi inaanzia miaka 20 na inafika 30. Nilisoma hizo hukumu nikajikuta nimeacha kutafuna. Wengine ni majangili kweli, wamekutwa na nyama na pembe. Wengine unasoma unaona ni mtu tu wa kijijini aliyepekuliwa nyumbani, likakutwa gobore kitandani au kwenye dari.

Miaka 20! Mtoto wa tatu wa yule mzee ana watoto wawili, wa mwisho bado ananyonya. Na unajua watu wa kijijini wanavyokamatwa? Si kwa upelelezi wa kwenye filamu. Mnagombania mpaka wa shamba na jirani, jirani ananunua vocha ya mia tano, anapiga simu kituoni. Basi. Ule muhtasari mzuri wenye sahihi nne, mliouandika ili kuzuia ugomvi, unageuka ushahidi kwamba alipokea silaha akijua anachopokea.

Kuna sababu nyingine ambayo wale wa chumbani hawakuifikiria. Bunduki iliyosajiliwa ina namba, na namba inaelekeza kwa mtu. Tanzania ni moja ya nchi zilizosaini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, na kitu kikubwa ndani yake ni hichohicho, silaha zitiwe alama na ziandikwe, ili ikiokotwa moja ijulikane imetoka wapi. Sasa fikiria bunduki ya mzee wetu iazimwe, kisha iazimwe tena, ikutwe kwenye tukio la ujambazi njia ya Songea. Polisi wanafuata namba, wanafika Umatengoni, wanaonyeshwa kaburi. Mjane ndiye wa kwanza kuulizwa. Mwaka 2016 Polisi walipofanya uhakiki wa silaha nchi nzima, hata Rais Magufuli mwenyewe alihakiki zake, lengo mojawapo lilikuwa hilo, kujua nani ana nini. Lakini uhakiki unaokuja mara moja haumsaidii mzee aliyefariki mwaka uliofuata.

Haya, upande wa pili sasa, maana nisionekane msemaji wa Jeshi la Polisi.

Baada ya ile simu baba mkubwa alinielewa. Namba tano ikaandikwa upya: bunduki na kitabu vipelekwe polisi, mtoto wa tatu aombe kwa jina lake. Safi. Ila kuipeleka tu ilikuwa vita. Kwanza nani aibebe? Ukiibeba wewe juu ya bodaboda, umebeba silaha ambayo leseni si yako, na ukisimamishwa njiani maelezo yako yatakuwa marefu. Wakaamua vizuri, wakaenda kwa mtendaji wa kijiji, akawaandikia barua na kuwasindikiza. Wakafika kituo kimoja, sikitaji. Wakaambiwa anayehusika hayupo, warudi kesho. Kesho yake nauli tena. Wakaambiwa, "Iacheni tu hapo." Baba mkubwa akaomba hati ya kupokelea yenye namba ya bunduki. Akaulizwa kama anadhani polisi ni wezi. Mzee akasema hapana afande, ila marehemu alikuwa mume wa mtu na mjane atauliza iko wapi. Akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa. Akapewa hati.

Namheshimu sana kwa lile benchi. Lakini ni wangapi watakaa mpaka saa tisa? Wengi watarudi nayo nyumbani na kuirudisha darini, na siku hiyo watakuwa wamejifunza kwamba njia ya halali ni ya kudhalilishwa, ya kikao ina chai na maandazi.

Na hapo ni kuipeleka tu. Kijana bado hajaanza kuomba. Barua ya kijiji, picha, safari za kwenda na kurudi wilayani, kisha kusubiri karatasi ipande mpaka Dodoma na kushuka. Barabara ya lami kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, kilomita 66, imesaidia sana. Ila ukiwa kijiji cha ufukweni mbali na lami, kila "rudi kesho" ni debe la mahindi. Na wakati karatasi inasafiri, nguruwe hawasubiri. Sasa hivi ninavyoandika kijana analinda shamba kwa mbwa wawili na madebe ya kugonga, na ameshapoteza kona nzima upande wa mtoni. Hilo nalo lihesabiwe, maana wanaoandika taratibu hizi hawalali dunguni.

Kuna hadithi ya Liuli ambayo wanahistoria wa hapa Mlimani wataijua. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jabali. Agosti 1914 meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo. Ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, ya nahodha Rhoades, ikaanza kuipiga mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake Rhoades, walikuwa wakinywa pamoja. Inasimuliwa kwamba alitoka kwa hasira na mtumbwi kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Hakujua kwamba nchi zao zimeingia vitani. Habari ilimfikia mmoja, mwenzake haikumfikia, akachukuliwa mateka palepale.

Watu wanaisimulia kama kichekesho. Mimi naona ndivyo sheria ya 2015 ilivyofika Nyasa. Imemfikia askari, haijamfikia baba mkubwa. Mtu wa kwanza kumwambia kwamba kitabu si cha bunduki alikuwa ni mtoto wa mdogo wake, kwa simu, kutoka hosteli ya Dar. Hilo ni jambo la ajabu kwa kosa la miaka 20.

Na tusisahau kwamba kwa wazee wetu kupeleka bunduki serikalini hakusikiki kama jambo la kawaida. Songea ndipo waliponyongwa akina Nduna Songea Mbano mwaka 1906, na kwenye Majimaji kusalimisha silaha lilikuwa sharti la kukubali kushindwa. Nahisi kitu cha aina hiyo bado kimo kwenye damu. Ukimwambia mzee wa Kingoni "salimisha", neno lenyewe linamchoma. Ndiyo maana mimi nikiongea nao nasema "kabidhi". Jaribuni, linafanya kazi.

Serikali imefanya kitu, sikatai. Umoja wa Afrika umeufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha, mpaka mwaka 2030, na Tanzania ilitangaza miezi miwili, Septemba na Oktoba, mwaka 2022, mtu apeleke asiulizwe. Vizuri. Ila msamaha ni wa mwenye silaha haramu anayetaka kuiacha. Mwenye silaha halali ya marehemu anayetaka ihame kihalali hahitaji msamaha, hana kosa bado. Anahitaji meza, mtu nyuma ya meza, na fomu.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma walifikiri zaidi ya tangazo. Baada ya vita vya 1977 hadi 1992 Msumbiji ilijaa silaha, na mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane, likaanza kuzibadilisha na vitu: leta bunduki, chukua baiskeli, cherehani, majembe. Kuna kijiji kilipata trekta. Vyuma vya bunduki wakapewa wasanii, na kiti kimoja alichokiunda Kester mwaka 2001 kiko British Museum, London. Wale walielewa kwamba mtu akitoa kitu chenye kazi nyumbani kwake, mkono wake usirudi mtupu. Kijana wetu akikataliwa leseni, kwa nini asipewe hata fungu la waya wa kuzungushia shamba?

Mimi ningependa hivi. Siku hizi kata zina polisi kata. Yeye apewe mamlaka ya kuja kijijini kuchukua silaha ya marehemu na kuacha hati palepale, mbele ya mtendaji na mjane. Mahakama ya mwanzo inapomteua msimamizi wa mirathi, karani amuulize swali moja, "marehemu aliacha silaha?", na jibu liende kwa OCD bila mfiwa kupanda gari. Maombi ya mrithi wa silaha iliyokwisha kusajiliwa yawe na siku za mwisho za kujibiwa, ndiyo au hapana, kabla ya msimu. Na ule ukurasa mmoja wa maelezo ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye vyama vya msingi vya kahawa, maana huko ndiko watu wanakopanga foleni wakiwa na muda wa kusoma.

Mshikaji wa video ameniuliza kama najipanga kugombea udiwani. Sijampa jibu.

Ninyi wa Ludewa, Namtumbo, Tunduru, na wale wa Kigoma ambao najua mna mambo yenu na mpaka, semeni kwenu inakuwaje mzee akifariki akaacha bunduki. Inakaa kwa nani? Kuna aliyewahi kufuata hii njia mpaka mwisho akapata kitabu kwa jina lake, na ilimchukua muda gani? Andikeni hapa chini, bila kutaja kijiji wala jina, nitayafikisha kwa baba mkubwa. Yeye na kijana wanaenda tena wilayani Alhamisi.